Lugha ya Dalili: Kutambua Hitilafu za Mafuta Zinazokuja na Kutoweka katika Pikipiki za Burumba

1.0 Utangulizi

Neno bodaboda limesafiri mbali. Husikika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na wengi wanaolitumia hawakumbuki tena kwamba chimbuko lake ni mpaka wa Kenya na Uganda, katika miji ya Busia na Malaba. Huko, tangu miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli waliwabeba abiria na mizigo kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, na wito wao wa kuwaita wateja ukageuka kuwa jina la kazi yenyewe. Baadaye baiskeli ziliipisha pikipiki. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizofikia sentimita za ujazo 250, na biashara hiyo ikapanuka kwa kasi kubwa.

Burumba, mtaa wa mji wa Busia, umo katika kitovu cha historia hiyo. Pikipiki zinazofanya kazi hapo, aghalabu Boxer za Bajaj na Star za TVS, hazipati mapumziko. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutimiza kilomita 30,000 kwa mwaka mmoja na 90,000 kwa miaka mitatu. Mita yenye tarakimu tano hurudi sifuri baada ya 99,999, na waya wa mita ukikatika hakuna ajuaye tena umri wa injini. Pikipiki ya namna hii haifi kwa siku moja. Huanza kwa kusumbua: huzima njiani, hupigwa kiki mara kumi bila kuitika, kisha baada ya dakika chache huwaka na kwenda kana kwamba haikuwahi kuugua. Ikifikishwa kwa fundi hunguruma vizuri, na fundi hana cha kuonyeshwa.

Hitilafu ya aina hii ina gharama. Mwendeshaji hupoteza abiria na muda, ilhali malipo ya mkopo wa pikipiki hayangoji. Mara nyingi hushauriwa kununua kabureta mpya, akainunua, na juma lililofuata pikipiki ikazima tena kwa sababu kasoro ilikuwa ndani ya tangi. Zaidi ya hayo, pikipiki inayofifia mbele ya lori katika barabara iendayo mpakani huhatarisha maisha ya mwendeshaji na abiria wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hitilafu za mfumo wa mafuta zinazokuja na kutoweka zinavyotambuliwa katika pikipiki iliyotembea sana. Hoja yake kuu ni kwamba hitilafu isiyoonekana gereji haiwezi kutafutwa kwa spana kwanza. Hutafutwa kwa masimulizi, na ubora wa masimulizi hayo hutegemea viambishi ambavyo wanafunzi wa Kiswahili huvichambua darasani kila siku: -ka- ya mfuatano, hu- ya mazoea na, hasa, -ki- ya masharti. Ifahamike kwamba mjadala huu unahusu pikipiki zenye kabureta. Zile zinazodunga mafuta kwa pampu ya umeme zina utaratibu wake.

2.0 Safari ya mafuta

Ili kuelewa kasoro ni sharti kwanza kuelewa uzima. Katika pikipiki ndogo yenye kabureta hakuna pampu. Tangi liko juu, kabureta iko chini, na petroli hushuka kwa uzito wake wenyewe. Hutoka tangini kupitia koki, hupita katika mpira na kichujio, kisha huingia katika bakuli dogo lililo chini ya kabureta. Ndani ya bakuli hilo kuna boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kuisukuma sindano ndogo inayofunga mlango wa kuingilia. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka bakulini petroli huvutwa kupitia vitundu vyembamba vya shaba viitwavyo jeti, hukutana na hewa iliyopita katika kichujio cha hewa, na mchanganyiko huo huingia katika silinda kupitia mpira mnene unaoiunganisha kabureta na injini.

Mambo mawili katika safari hii husahauliwa. La kwanza ni hewa. Petroli haiwezi kutoka tangini isipokuwa hewa iingie kuchukua nafasi yake, na kwa ajili hiyo mfuniko wa tangi una tundu dogo la kupumulia. La pili ni akiba ya bakuli. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita moja hutumia mililita 20 kwa kila kilomita. Bakuli hubeba makumi machache tu ya mililita. Kwa hiyo njia ya mafuta ikiziba ghafla, pikipiki haizimi papo hapo. Huendelea kwa kilomita moja au mbili ikila akiba yake, kisha hufifia. Hii ndiyo sababu mahali pikipiki ilipozimia si mahali ugonjwa ulipoanzia.

Aidha, kiasi kinachohitajika si kikubwa. Pikipiki hiyohiyo ikienda kilomita 50 kwa saa hutumia lita moja kwa saa, yaani takriban mililita 17 kwa dakika, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha mezani. Ndiyo maana njia iliyoziba nusu yaweza kuihudumia vyema pikipiki inayonguruma mahali pamoja gereji, lakini ikashindwa kuilisha inapopanda mwinuko ikiwa na abiria wawili na gunia la mahindi.

3.0 Mfuatano wa dalili: nafasi ya -ka-

Si kila pikipiki inayozima ina kasoro ya mafuta. Swali la kwanza la fundi makini ni namna ilivyozima. Katika sentensi "Ilikuwa inaenda vizuri, ikazima", tukio ni moja na la ghafla, kama taa iliyozimwa ukutani. Katika sentensi "Ilikohoa, ikafifia, nikavuta mafuta, ikazidi kufifia, ikazima", matukio ni mengi na yamepangwa kwa utaratibu wa wakati. Sentensi ya kwanza huelekeza kwenye umeme: waya uliolegea, swichi iliyochakaa, au koili inayokatika ikipata joto na kuungana tena ikipoa. Sentensi ya pili huelekeza kwenye mafuta, kwa maana njaa ya petroli huja polepole kadiri bakuli linavyokauka. Idadi ya -ka- katika masimulizi, kwa hivyo, si pambo la usimulizi tu bali ni ushahidi wa kitaalamu.

Hata hivyo, ushahidi huo haujitoshelezi. Pikipiki ikizima, jambo la haraka la kufanya ni kuichomoa plagi, kuirudisha katika kifuniko cha waya wake, kuigusisha na chuma cha injini mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, kisha kupiga kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu humaanisha kwamba kwa wakati huo umeme uko salama. Kukosekana kwa cheche huokoa saa nyingi za kusafisha kabureta isiyo na kosa. Jaribio hili lina thamani pale tu linapofanywa wakati pikipiki imegoma. Likifanywa baada ya pikipiki kupona halithibitishi lolote.

Mwigaji mwingine wa ugonjwa wa mafuta ni valvu. Katika injini iliyotembea sana, nafasi ya valvu hupungua kidogo kidogo. Injini ikipata joto, nafasi iliyobaki hutoweka, valvu ikashindwa kufunga sawasawa, nguvu ya mgandamizo ikapotea. Pikipiki hiyo huwaka kwa urahisi asubuhi na kugoma adhuhuri ikiwa moto. Kupima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni kazi ya muda mfupi, na inafaa kufanywa kabla ya kuilaumu kabureta.

4.0 Sharti na tokeo: nafasi ya -ki-

Iwapo dalili zinaashiria mafuta, hatua inayofuata ni kutafuta sharti. Sentensi "Pikipiki hii huzima" haina msaada, kwa sababu hu- hueleza mazoea bila kueleza wakati. Sentensi "Jana ilizima" vilevile ni finyu, kwani tukio moja si tabia. Ugonjwa unaokuja na kutoweka hutambuliwa pale hu- inapotanguliwa na -ki-: "Ikifanya hivi, huzima." Kila -ki- huelekeza kwenye sehemu tofauti ya safari ya mafuta.

4.1 "Ikienda mbali kidogo huzima, ikipumzika huwaka"

Hii ni dalili ya tundu la mfuniko lililoziba kwa vumbi, matope au kutu. Petroli inapotoka na hewa isipoingia, ndani ya tangi hujengeka mvuto unaoizuia petroli kushuka. Pikipiki ikisimama, hewa hupenya kidogo kidogo na mtiririko hurejea. Dalili hii huwahi kuonekana tangi likiwa limejaa, kwa kuwa nafasi ya hewa ni ndogo na mvuto hujengeka upesi. Hapa mwendeshaji hushangaa: ameweka petroli ya kutosha na ndipo matatizo yakazidi. Jaribio lake halihitaji chombo. Pikipiki inapofifia, mwendeshaji asimame kando ya barabara, afungue mfuniko na kusikiliza. Ikisikika sauti ya hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka mara moja, kasoro imepatikana. Tiba yake ni kuusafisha mfuniko.

4.2 "Ikiingia resevu husumbua"

Koki ya kawaida ina njia mbili. Moja huanzia kwenye kijibomba kilichosimama juu kidogo ya sakafu ya tangi, na nyingine, ya resevu, huchota karibu kabisa na sakafu. Tangi la miaka mingi hushika kutu ndani, na vipande vya kutu, mchanga na maji hukaa chini. Pikipiki inayokwenda vyema katika njia ya kawaida na kukohoa katika resevu inaeleza kwamba sakafu ya tangi ni chafu. Kinyume chake, pikipiki inayofifia tangi likiwa nusu na kupona koki inapogeuzwa kwenda resevu inaeleza kwamba kijibomba cha juu kimeziba.

4.3 "Mvua ikinyesha" na "asubuhi ikiwa baridi"

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini. Huingia kupitia mfuniko ambao mpira wake umechakaa, au hutokana na unyevu wa hewa unaoganda ndani ya tangi lililolala likiwa karibu tupu. Matone yake hutembea pikipiki inapoinama au kufunga breki, yakaziba jeti, kisha yakasogea. Ndiyo maana ugonjwa wa maji huonekana kama wazimu usio na kanuni. Kanuni yake ni mvua ya jana. Bakuli la kabureta lina skrubu ya kumwagia chini yake. Kilichomwagwa kikikingwa katika chupa ang'avu, maji huonekana wazi yakiwa yamejitenga chini ya petroli.

4.4 "Nikivuta mafuta kidogo", "nikivuta nusu", "nikivuta yote"

Kabureta haina njia moja bali tatu. Injini ikinguruma chini pikipiki ikiwa imesimama, petroli hupita katika jeti ndogo. Mwendeshaji akivuta mafuta kati ya robo na robo tatu, hutawala sindano ndefu inayopanda na kushuka ndani ya jeti. Akivuta yote, hutawala jeti kubwa. Kwa hiyo swali "Ukivuta mafuta kiasi gani?" hupunguza eneo la utafutaji kwa theluthi mbili. Wako mafundi wanaobandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye kishikio cha mkono wa kulia na kukichora alama za robo, ili mwendeshaji ajibu kwa alama badala ya kubahatisha. Katika pikipiki iliyotembea sana, sindano ndefu hulika kwa kusuguana na jeti yake, nafasi kati yao hupanuka, na petroli ya ziada hupita katika mwendo wa kati. Pikipiki hiyo hula mafuta mengi, hutoa moshi mweusi na hulemewa inapovutwa nusu, ingawa ikivutwa yote hukimbia.

4.5 "Nikivuta choki hupona"

Hili ndilo jaribio lenye maana kubwa kwa gharama ndogo. Choki hupunguza hewa na kuongeza uwiano wa petroli. Pikipiki inayofifia ikivutwa choki kidogo na kupata nguvu inaeleza kwamba petroli haitoshi au hewa imezidi. Ikizidi kulemewa, inaeleza kwamba petroli tayari imezidi. Hewa iliyozidi katika pikipiki kuukuu mara nyingi huingia kwa mlango wa wizi: ufa katika mpira unaoiunganisha kabureta na injini. Ufa huo hufunguka injini inapotikisika na kufumba inapotulia, hivyo jicho haliuoni. Matone machache ya maji yakidondoshwa juu ya mpira huo injini ikinguruma, na mngurumo ukabadilika, ufa umejitaja wenyewe.

Petroli iliyozidi, kwa upande wake, hutokana na sindano ya boya iliyolika, boya lililotoboka na kujaa petroli, au kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi. Harufu ya petroli pikipiki ikiwa imeegeshwa, na matone kutoka katika mpira wa kumwagia ziada, ni mashahidi wa boya na sindano yake.

5.0 Mpangilio wa majaribio

Masimulizi yakishatoa dhana, majaribio huithibitisha au kuikanusha. Kanuni hapa ni mbili: kuanza na jaribio lisilo na gharama, na kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Fundi anayesafisha tangi, kubadili plagi na kurekebisha kabureta kwa siku moja anaweza kuiponya pikipiki, lakini hatajua ni kipi kilichoiponya, na ugonjwa ukirejea ataanza upya.

Jaribio la kwanza ni la mtiririko. Mpira huchomolewa kwenye kabureta, koki hufunguliwa, na petroli hukingwa katika chupa ang'avu kwa dakika kadhaa. Mtiririko unaoanza kwa nguvu na kudhoofika unahitaji kurudiwa mfuniko ukiwa wazi. Ukiwa imara mfuniko ukiwa wazi na dhaifu ukiwa umefungwa, kosa ni la mfuniko. Ukiwa dhaifu katika hali zote mbili, kosa ni la koki, kichujio au mpira uliokunjika. Ukiwa imara daima, tangi limeondolewa lawama na uchunguzi husogea kwenye kabureta. Chupa yenyewe huachwa itulie, ili maji na kutu vionekane chini.

Jaribio la pili ni la plagi. Plagi husomwa mara tu pikipiki inapoonyesha ugonjwa, injini ikiwa imezimwa papo hapo bila kuachwa ingurume. Rangi ya kahawia isiyokoza huashiria uwiano mwema. Weupe huashiria njaa ya petroli, masizi meusi makavu huashiria petroli iliyozidi, na plagi iliyolowa huashiria petroli iliyofika lakini haikuchomwa. Plagi iliyosomwa baada ya pikipiki kurudi gereji ikinguruma vizuri husimulia habari za safari ya kurudi tu.

Jaribio la tatu ni kuifungua kabureta, na hili linapaswa kuwa la mwisho. Jeti husafishwa kwa hewa ya pampu na petroli safi. Kuzichokonoa kwa waya ni kosa linalotendeka sana. Shaba ni laini, tundu hupanuka, na kabureta iliyokuwa chafu hugeuka kuwa mbovu. Katika majaribio yote haya tahadhari ni lazima: injini iwe imepoa kabla ya petroli kumwagwa, kusiwe na sigara wala jiko la makaa karibu, na petroli isivutwe kwa mdomo.

6.0 Petroli ya chupa na siri ya mwendeshaji

Kuna swali moja ambalo waendeshaji hulijibu kwa shingo upande: "Petroli hii uliinunua wapi?" Bei inapotofautiana kati ya pande mbili za mpaka, petroli huvuka kwa mitungi na kuuzwa kando ya njia kwa chupa. Si yote iliyo mbaya, ila mnunuzi hana namna ya kujua imekaa wapi na imechanganywa na nini. Kichanganyio kinachojulikana zaidi ni mafuta ya taa. Mnamo Septemba 2018 serikali ya Kenya ilianza kuyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, kwa shabaha ya kuondoa faida ya udanganyifu huo. Kenya na Uganda pia hutia alama za kikemikali katika mafuta ili wakaguzi waweze kuutambua uchakachuaji.

Mafuta ya taa hugeuka mvuke kwa uzito kuliko petroli. Pikipiki iliyonyweshwa mchanganyiko huo hukataa kuwaka asubuhi, hutoa moshi, huipaka plagi masizi, na hugonga ndani inapobebeshwa mzigo. Tangi likijazwa petroli safi, dalili hupungua, zikarejea baada ya chupa nyingine. Hii nayo ni -ki- kamili: "Nikijaza kwa chupa husumbua." Jaribio jepesi ni kudondosha matone machache katika karatasi nyeupe mahali penye hewa. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama ya maana. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta na harufu inayodumu.

Tatizo ni kwamba mwendeshaji huona haya kukiri, ama kwa kuogopa lawama ama kwa sababu aliyemuuzia ni jirani. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi mwenye busara hulitanguliza swali hili bila hukumu, huku akimwita mteja wake "ndugu yangu" kabla ya kumuuliza, kwa maana jibu la uongo humgharimu mteja kabureta.

7.0 Mwendeshaji kama msimulizi

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, ni dhahiri kwamba mtaalamu wa kwanza wa hitilafu hizi ni mwendeshaji mwenyewe. Ndiye aliyekuwapo pikipiki ilipougua. Jambo analohitaji ni kumbukumbu fupi, katika daftari au simu, kila pikipiki inapozima: imetembea umbali gani tangu iwashwe, tangi lilikuwa na kiasi gani, koki ilikuwa wapi, barabara ilikuwa tambarare au ya mwinuko, alikuwa amevuta mafuta kiasi gani, mvua ilinyesha lini, na petroli ilitoka wapi. Matukio matatu au manne yakiandikwa hivyo, sharti linalojirudia hujitokeza.

Ugumu uliopo ni wa msamiati. Katika vituo vya bodaboda, vitenzi kama "inakata", "inamisi" na "inasumbua" hutumiwa kwa hitilafu zote bila kubagua. Ilhali Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuzitenga: kuzima ghafla kwa umeme unaokatika, kufifia kwa njaa ya petroli, kukohoa kwa hewa iliyozidi, kulemewa kwa petroli iliyozidi, kugonga kwa petroli iliyochakachuliwa. Hakuna haja ya kubuni istilahi mpya kwa kila dalili. Haja ni kuyapa maneno yaliyopo mipaka yanayokubaliana nayo. Majina ya vipuri, kwa upande mwingine, yamekwisha kutoholewa na mafundi bila kungoja kamusi: kabureta, koki, jeti, plagi, choki, koili, valvu. Yanatamkika, yanaingia katika ngeli, na yanaeleweka pande zote mbili za mpaka.

Jambo hili lina uzito wa pekee Busia. Katika kituo kimoja cha pikipiki hukutana Waluhya, Wateso, Waluo na wageni kutoka upande wa pili wa mpaka, na mara nyingi lugha inayowaunganisha fundi na mteja ni Kiswahili. Uganda nayo, kupitia marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza lake la mawaziri likaridhia kitumike kama lugha rasmi. Nafasi hiyo ya kisheria itakuwa na maana kwa mwendeshaji pale lugha hiyo itakapomwezesha kueleza kwa usahihi kwa nini amekosa kazi tangu asubuhi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hitilafu ya mafuta inayokuja na kutoweka ina kanuni, hata pale inapoonekana kuwa haina. Kanuni hiyo hupatikana kwa kutenga mafuta na umeme kupitia mfuatano wa dalili, kutafuta sharti linalojirudia, na kulithibitisha kwa majaribio yanayoanzia kwenye mfuniko wa tangi na kuishia kwenye kabureta, wala si kinyume chake.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili, hapa pana kazi inayongoja mikono. Vyuo vya ufundi vinahitaji vitabu vidogo vya Kiswahili vitakavyoeleza dalili kwa vitenzi vilivyotengwa vizuri, na waandishi wake wanapaswa kuanza kwa kuwasikiliza mafundi na waendeshaji wa mahali kama Burumba. Sarufi ya -ki- hufundishwa kwa mifano ya mvua na wageni wanaokuja. Mfano wa pikipiki nao unastahili kuingia darasani, kwa sababu mwendeshaji anayeweza kusema "ikiingia resevu hufifia" ameokoa fedha za kabureta nzima kwa maneno matatu.